Mguu wa Kushoto wa Nahodha

Sura ya Tisa

Otso Lemmetty alianguka saa nne na dakika kumi asubuhi, peke yake, bila kuguswa na mtu.

Kuanguka si habari katika hoki ya barafu. Wachezaji huanguka kama nguo kwenye kamba siku ya upepo, na hakuna anayegeuka kutazama. Lakini hii ilikuwa asubuhi ya mechi ya saba ya nusu fainali, mazoezi mepesi ya kuamsha miguu tu, na aliyeanguka ni nahodha mwenyewe, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano. Tena alikuwa na kofia ya dhahabu kichwani, ile ambayo kila timu Ufini humvika mfungaji wake bora ili wapinzani wajue mapema wa kumgonga. Mguu wa kushoto ulimponyoka, makalio yakatangulia, akateleza mpaka ukutani kama gunia la viazi lililosukumwa kwa teke.

Juu kwenye viti, Mswisi aliyesafiri mpaka mji wa Kivisalmi kumtazama aliandika neno kwenye daftari lake. Halafu akalipigia mstari.

Dakika tano baadaye Otso alikuwa mlangoni pa chumba cha kunolea, viatu vya kutelezea, vile vyenye chuma chini, mkononi, soksi zimelowa, uso mwekundu kama ametoka kwenye mvuke wa sauna.

"Nani amenoa viatu vyangu?"

Saimi Vartia ndiyo kwanza anavua koti. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja kama mnoaji wa timu ya Fisimaji wa Kivisalmi, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye mabega mapana, nywele fupi, na mikono inayonuka mafuta ya mashine hata siku ya Krismasi. Jozi ishirini na tano zilipita mikononi mwake kabla ya kila mechi. Leo tu alikuwa amechelewa, kwa sababu alimpeleka mama yake kung'olewa gego.

Akatazama meza. Miwani ya mzee Ensio, mtunza vifaa, ilikuwa imesahauliwa juu ya mashine.

"Ni Ensio," alisema. "Nilimwambia vyako aniachie."

"Kasema aliona unachelewa, akataka kukusaidia. Kanionyesha kadi." Otso alinyoosha kidole ukutani, kwenye ubao ambapo kila mchezaji alikuwa na kadi yenye namba zake za kunolea. "Amefuata kadi yangu kama padri anavyofuata kitabu. Kushoto na kulia sawasawa, vile ninavyonolewa tangu nina miaka kumi na saba. Na mguu wa kushoto umenikimbia kama kuku."

Saimi aliichukua miwani ya Ensio, akaikunja.

"Kama kadi ni sahihi, Saimi, kwa nini nimeanguka?"

Watu wa Kivisalmi si waongeaji. Mwanamume huko anaweza kuoa, kujenga nyumba na kuzika wazazi kwa maneno arobaini, na bado majirani wakasema ana mdomo. Kwa hiyo ukimya wa Saimi haukumshtua Otso. Kilichomshtua ni macho. Miaka mitatu sasa macho yale ya kijivu yalikuwa yanamtazama usoni bila kupepesa, jikoni, kwenye gari, kwenye ngazi za sauna ya kibanda chake kando ya ziwa, mpaka yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anainamisha kichwa kama msichana. Leo yalikuwa yanatazama sakafu.

Na leo si siku ya kutazama sakafu. Mkataba wa timu ya Uswisi, miaka miwili, ulikuwa unasubiri jibu lake kabla ya mechi ya saa kumi na moja jioni. Alhamisi alikuwa amemwambia Saimi: twende wote. Saimi akasema atafikiri. Alikuwa bado anafikiri.

"Kaa chini," Saimi alisema.

"Sikai."

"Kaa, Otso. Unanimwagia maji."

Otso akakaa. Hasira ni hasira, lakini sakafu ilikuwa ya Saimi.

Saimi akachukua kiatu cha kushoto, akakipindua, chuma juu, akakisogeza chini ya taa. Chuma cha kiatu cha barafu hakina makali kama kisu. Chini yake pana mfereji mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho, wenye kingo mbili, na kina cha mfereji ndicho kinachosema chuma kitaiuma barafu kwa nguvu gani. Kila mchezaji ana kina chake. Mnoaji akikibadilisha bila kumwambia mwenyewe, ni sawa na fundi kukupunguzia suruali ukiwa umelala.

"Mwezi wa kwanza," Saimi alisema, "mliporudi kutoka ugenini, ukingo wako wa ndani wa kushoto ulirudi mzima. Kama umetoka dukani. Wa kulia umeliwa kama mfupa aliopewa mbwa. Mtu anayetumia miguu miwili haniletei chuma cha namna hiyo. Nikajua nyonga ya kushoto imekwisha."

"Haijaisha. Inauma kidogo."

"Inakuuma kiasi kwamba huiegemei. Na usipoiegemea, chuma hakiumi." Akakiweka kiatu mezani taratibu. "Kwa hiyo nikachimba mfereji wa kushoto zaidi kidogo, ili chuma kishike barafu hata ukisimama wima. Wiki iliyofuata kidogo tena. Nimefanya hivyo mara saba."

"Bila kuniambia."

"Bila kukuambia."

Otso alivua ile kofia ya dhahabu, akaiweka mapajani, akaitazama kama mtu aliyeokota kitu cha jirani.

"Mabao kumi na moja," alisema. "Tangu mwezi wa pili. Kocha kasema nimezaliwa upya. Gazeti limeandika. Mimi nikaamini nyonga imepona, Saimi! Nilikuwa nakunywa ile juisi chungu ya dada yangu kila asubuhi, glasi mbili, nikadhani ni juisi!"

"Juisi nayo inasaidia."

"Usinichekeshe. Nina hasira."

"Naiona."

"Basi niambie hii kofia ni ya nani. Yangu au yako?"

Hapo Saimi aliinua macho, na Otso akajuta kuyatafuta, maana yalikuwa yamewaka.

"Ya kwako! Chuma hakina macho, Otso. Chuma hakijui golikipa ameacha nafasi wapi. Mimi nilikutengenezea mahali pa kusimama tu. Ulichofanya ukishasimama, hakuna mwingine Kivisalmi anayekiweza, na ukimvulia mtu hiyo kofia kwa sababu yangu nitakupiga nayo."

Nje theluji ya mwezi wa nne ilikuwa inayeyuka, ikidondoka kutoka paani. Mkono wa Otso ulikuwa umelala mezani karibu na mkono wake, na Saimi aliutamani, ule mkono wenye vidole viwili vilivyovunjika na kuunga vibaya, kama mtu anavyotamani kuketi baada ya kusimama kutwa. Haukusogea.

"Uliniona nimezeeka," Otso alisema, sauti sasa chini, "ukanificha. Kama mama anayemfuta mtoto kamasi kabla wageni hawajaona."

"Niliogopa. Siku ungeanguka kwenye mechi, mtu wa kilo mia angekukuta chini."

"Na Uswisi? Ungeniacha nisaini? Niende kule na kadi hii, kwa mnoaji wao, nianguke siku ya kwanza mbele ya watu elfu sita?"

"Kwa nini unadhani sikukujibu Alhamisi?" Sauti yake ilikatika katikati. "Nikitaka kusema ndiyo, najiona nakufuata kwa ajili ya mguu. Nikitaka kusema hapana, nakuona umelala kwenye barafu ya watu. Ningekuambia leo."

"Leo saa ngapi?"

"Baada ya jino."

Mlango ukafunguka bila hodi. Hilkka Vartia, mama yake Saimi, aliingia na sinia la mikate yake mitamu ya iliki, shavu moja limevimba kama amebeba tofaa ndani. Alikuwa anauza kahawa na mikate pale ukumbini, na kati ya kaunta yake na chumba cha kunolea kulikuwa na ukuta wa ubao mmoja tu. Daktari wa meno alikuwa amemkataza kuongea mpaka saa sita mchana. Alijitahidi. Alivumilia karibu robo saa.

"Nimesikia," alisema, upande mmoja wa mdomo ukifanya kazi ya pande mbili. "Mwenye kutaka mkate achukue. Halafu na mimi niseme."

"Mama, daktari kasema..."

"Daktari ana miaka ishirini na nane, atanikataza nini." Akamgeukia Otso. "Lemmetty. Wewe si mtu mbaya. Unafunga mabao, unarudisha vikombe vya kahawa kaunta, hunywi mpaka ukaimba. Lakini mimi niliolewa na mchezaji wa hoki. Baba yake Saimi, Mungu amrehemu, alikuwa beki. Miaka kumi na mmoja, miji minane. Kila alipouzwa yeye, mimi nilitolewa bure juu yake, kama nyongeza ya muuza samaki. Nilikuwa mwokaji mwenye cheti! Kila mji nikianza na kusugua sakafu za watu, na nikishajulikana kwa mikate yangu, haya, funga vitu, tumeuzwa tena. Huyu mtoto kasoma shule sita."

"Mama Hilkka, mimi simchukui Saimi kama nyongeza."

"Atafanya nini huko?"

Na hapo ndipo Otso alipoharibu.

"Angepumzika."

"Apumzike! Nani kakuambia amechoka?"

Saimi aligeuza uso asionekane anavyouma mdomo, asijue mwenyewe kama ni kicheko au kilio. Maana ndilo swali lenyewe, na lilikuwa limekaa kooni mwake tangu Alhamisi. Otso alikuwa amemweleza milima ya huko, nyumba yenye roshani, jibini lake, treni zinazofika kwa wakati. Hakuwa ametaja mashine ya kunolea hata mara moja. Na yeye, mwenye kiburi chake, hakutaka kumkumbusha.

Otso alimtazama Saimi muda mrefu. Aliitazama ile mikono ya mafuta, vumbi la chuma lililojaa kwenye mistari ya viganja, jozi za viatu zilizopangwa kwenye rafu kama vitoto vinasubiri kuitwa majina. Alikuwa kama mtu aliyeishi nyumba moja miaka mitatu na leo ndiyo anauona ukuta mmoja. Kisha akasimama, akachukua kiatu cha kushoto, akatoka na soksi zake mbichi.

"Anakwenda wapi?" Hilkka aliuliza.

"Sijui," Saimi alisema, na tayari alikuwa anamfuata.

Mswisi alikuwa kwenye meza ya pembeni mwa kaunta ya kahawa. Jina lake Urs Imfeld, mzee mwenye masharubu meupe, aliyekuwa golikipa zamani na bado alikaa kama golikipa, magoti yametengana. Wachezaji wenzake Otso na wateja wachache wa asubuhi walikuwa wamezagaa hapo na vikombe vyao. Otso alisimama mbele ya Imfeld, na kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, akasema:

"Ulichoandika kwenye daftari ni kweli."

Imfeld alifungua daftari. "Nimeandika: amelewa?"

Mtu mmoja akapaliwa na kahawa.

"Basi futa," Otso alisema. "Andika: nyonga ya kushoto. Imekufa tangu mwezi wa kwanza, na nimeificha. Nimemficha kocha, nimemficha daktari, na sasa hivi natoka hapa kwenda kuwaambia wote wawili. Mabao yale nimefunga mimi, simgawii mtu. Lakini mguu niliosimamia umetengenezwa na huyu." Akageuka, akamwonyesha Saimi kwa kiatu. "Alijua nyonga yangu kabla yangu. Hakuna aliyemwambia. Aliangalia chuma. Ndiye mnoaji bora niliyewahi kumwona, nimenolewa na watu kumi na wawili, na katika miaka kumi na mmoja sijawahi kumwambia hivyo, kwa sababu mimi ni mjinga. Mkataba wako sisaini. Ungekuwa unanunua nusu ya mtu."

Mikate ilisimama hewani njiani kwenda midomoni. Hakuna mtu Kivisalmi aliyewahi kumsikia Otso Lemmetty akisema maneno mengi hivyo bila kikombe cha ubingwa mkononi. Saimi alihisi joto linapanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Kilichompanda kilikuwa kikubwa kuliko aibu. Alisimama wima kama mtu anayepimwa urefu.

Imfeld hakukasirika. Alinyoosha mkono apewe kile kiatu. Akapitisha ukucha kwenye chuma, mbele, nyuma, akafumba jicho moja.

"Hiki kimenolewa kwa kadi," alisema.

"Ndiyo," Saimi alijibu. "Ndiyo maana ameanguka."

"Na wewe ulikuwa unachimba kiasi gani?"

Saimi akamwambia. Imfeld alinyanyua nyusi.

"Kidogo kidogo, asijue?"

"Ndiyo. Na hilo ndilo kosa langu, si kuchimba. Ilibidi ajue. Mguu ni wake."

"Mimi nina wachezaji ishirini na sita," Imfeld alisema polepole. "Nadhani wawili wananificha maumivu. Sijui ni akina nani."

"Mlikuja kucheza hapa mwezi wa tisa, mechi ya kirafiki. Mashine yenu iliharibika, mkaniletea jozi nane." Saimi alifikiri kidogo. "Katika hizo nane tu, watatu. Mmoja ni goti la kulia. Mmoja ni kifundo cha mguu. Wa tatu haumwi popote, anaogopa tu kugeukia kushoto. Huyo hata mkimnoa vizuri hatawafaa. Mwongee naye."

Imfeld akamtazama. Akafunga daftari. Akamsogezea Saimi kiti kwa mguu.

"Bibie," alisema, "mnoaji wetu anastaafu mwezi wa tano. Kaa tuzungumze."

Nyuma ya kaunta sinia lilianguka. Hilkka hakuliokota.

Saimi hakukaa. "Mashine nachagua mwenyewe," alisema. "Mawe ya kunolea pia. Nikiona kitu kwenye chuma, namwambia mchezaji kwanza, halafu yeye ana siku mbili za kumwambia daktari. Mkataba wa jina langu. Na mtu wa kunifundisha lugha yenu, maana matusi yake ninayajua tayari kutoka kwa wale wanane."

"Matusi ndiyo nusu ya lugha," Imfeld alisema. "Nakubali yote."

Sasa kila mtu alimtazama Otso, jinsi watu wanavyomtazama mtu aliyefungua geti la zizi lake mwenyewe. Alikuwa amesimama na soksi zake mbichi, kofia ya dhahabu kwapani. Saa moja iliyopita alikuwa na mkataba, na mwanamke wa kumbembeleza aje naye. Saa hii hakuwa na mkataba, na mwanamke alikuwa na wake.

Saimi alimsogelea mpaka akanusa jasho lake na baridi ya barafu kwenye nguo zake. Je, kiburi kikimshinda? Wanaume walikwishashindwa na vidogo kuliko hivi.

"Otso," alisema. "Mimi nakwenda Uswisi. Unakuja?"

"Nakuja."

"Hujauliza utafanya nini huko."

"Mama yako alikwenda miji minane bila kuuliza." Otso alimtazama Hilkka moja kwa moja, na hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Mmoja utanishinda mimi?"

Hilkka aliisukuma pamba ya jino kwa ulimi. Akainama kuokota sinia. Alichukua muda mrefu sana kuliokota, na alipoinuka macho yalikuwa mekundu, akasema ni jino.

Otso akaushika mkono wa Saimi, mbele ya timu nzima. Alikishika kiganja chenye vumbi la chuma kana kwamba ndicho kikombe walichokuwa wanakipigania tangu mwezi wa tisa. Mmoja wa vijana akapiga mluzi. Nahodha akamwambia, bila kugeuka, akimbie raundi ishirini.

"Sasa twende ndani," Saimi alisema. "Daktari akikuruhusu, leo unacheza, na nataka ucheze kama mtu. Safari hii utakaa mbele yangu ninoe ukiona."

"Nitauliza maswali."

"Uliza."

Daktari wa timu alifoka nusu saa, kocha alifoka saa nzima, kisha wote wawili wakasema mechi moja hii, dakika kumi na tano na si zaidi. Saimi alinoa, na Otso akauliza kila kitu, kina, pembe, jiwe, kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila jibu alilirudia kwa sauti. Saa kumi na moja kasoro dakika tatu, wakati watu elfu nne walipokuwa wanapiga miguu kwenye mbao, Saimi alisimama karibu na kaunta ya mama yake, mahali ambapo mlango wa wachezaji unaonekana vizuri. Kijana mmoja wa timu alikuwa amembebea begi la mawe yake ya kunolea. Otso alitoka wa kwanza, kushoto kwanza, akauegemea ule mguu kwa makusudi, akageuka nao duara zima mbele ya jukwaa. Haukuteleza.

Foleni ya kahawa ilikuwa ndefu. Mwanamke mmoja mwenye skafu ya Fisimaji aliinama juu ya kaunta kwa Hilkka.

"Eti ni kweli nahodha anaondoka na binti yako?"

Hilkka alimjazia kikombe mpaka juu, akafuta kaunta, akachukua muda wake.

"Hapana," alisema, kwa nguvu za kutosha kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Binti yangu ndiye anayeondoka. Nahodha ameomba kumfuata. Ombi lake tunalifikiria."